Siku Tuliyodai Jina

Ukunga nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, naye hakunifundisha kwa maneno. Nilikaa nyuma yake, nikapasha maji, nikashika vitambaa, nikaangalia. Tukiwa njiani kurudi nyumbani ananiuliza, "Umeona?" Nikisema ndiyo, anasema, "Haya, nieleze." Nikikosea ananichapa kofi la bega, tunaendelea na safari.

Alichonifundisha zaidi ni kukaa. Watu wanadhani mkunga ni mtu wa kuhangaika, mara hiki mara kile. Sivyo. Mkunga anakaa. Anampaka mwanamke mafuta ya ufuta mgongoni, anampa uji mwepesi wa mtama, anamwambia simama, anamwambia tembea, basi. Bibi hakutia mkono ndani ya mwanamke hata siku moja, na mkunga aliyefanya hivyo alimwita mwizi. Wakati ukifika, kinu kinageuzwa, mwanamke anakalia kitako chake, mmoja anamshika mgongo, mkunga anakaa chini mbele yake, anapokea. Kitovu hakikatwi mpaka kondo la nyuma limetoka. Nimezalisha hivyo miaka mingi na wengi wao walijifungua salama. Ambao hawakujifungua salama nawakumbuka pia, lakini habari zao sizisemi hapa.

Lilikuwepo jambo la pili, nalo pia nililikuta kwa bibi. Uchungu ukikawia, siku ikaisha na nyingine ikaanza, mwanamke lazima aulizwe jina. Wazee wetu walisema mtoto amekataa kutoka kwa sababu mama yake amekwenda na mtu asiye mumewe, na njia haitafunguka mpaka amtaje. Basi wanawake wote wanatoka nje, mkunga anabaki peke yake, anainamisha sikio. Mwanamke akitaja, mkunga analichukua jina analipeleka kwa mama mkwe, na mama mkwe analipeleka kwa mwanawe. Mara nyingi mtoto alizaliwa muda si mrefu baada ya hapo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza kama jina lilikuwa la kweli. Mtoto ametoka, unataka ushahidi gani tena?

Ndoa mbili nilikwisha kuziona zikivunjika hivyo. Ya pili jina nililipeleka mimi mwenyewe, na yule mwanamke alirudishwa kwao Kinjumbi na kitoto cha siku tisa mgongoni. Wakati ule niliona nimefanya kazi yangu.

Kisha tukahamishwa. Kabla ya hapo tuliishi kila mtu kwenye mikorosho yake, ukitaka moto kwa jirani unatembea mpaka unasahau ulichofuata. Ikaja amri tukae kijiji kimoja kando ya barabara, kati ya Mchinga na Kitomanga. Lori likabeba vyungu, kuku na vitanda vyetu, likatushusha mahali palipokuwa na vigingi na kamba. Nyumba zilipangwa mistari. Mlango wa kila nyumba uliangalia njia, na mgongo wake uliangalia nyumba za mstari wa nyuma. Tuliambiwa kila nyumba ichimbe choo, tukachimba, lakini nafasi ilikuwa ndogo, choo chako kikawa mbele ya baraza la mwenzako. Ukienda, watu wanakuona ukienda, na ukirudi wanakusalimia.

Kijiji kilikuwa na shule, kisima na zahanati. Zahanati ilikuwa na nesi mmoja, binti kutoka uwanda wa Makonde, Mkristo, mwenye viatu vyeupe alivyovipaka chaki kila Jumapili. Balozi wetu wa nyumba kumi alitutangazia kwamba kila mja mzito akajifungulie kwa nesi. Tulisikia. Tukaendelea na yetu. Wanawake walisema, "Yule hajazaa, atamzalisha nani?" Na mimi niliwaacha waseme.

Balozi mwenyewe alikuwa mzee aliyebakiwa na jino moja la mbele. Alfajiri na alasiri alipita kwenye mistari akigonga jembe bovu kwa jiwe, akiita watu shamba la ujamaa. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Nimemweleza mapema kwa sababu ameingia katika habari hii bila kujua kwamba ameingia, na amekufa bila kujua.

Mwaka uliofuata, jirani yangu wa mstari wa pili alinijia asubuhi. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee wa kiume, ameshikwa na uchungu. Ilikuwa mimba ya kwanza. Kwa desturi yetu mimba ya kwanza binti huzalia kwa mama yake, lakini wazazi wake walikuwa bado kwenye kibanda cha makuti kisicho na ukuta upande mmoja, wakati nyumba ya mama mkwe ilikwisha kukandikwa na kuezekwa. Kwa hiyo alibaki pale pale. Mama yake mzazi alikuja na kigoda chake akakaa uani. Hakukaribishwa ndani.

Yule mama mkwe alikuwa mtu wa maneno. Alikuwa anataka mwanawe amwoe binti wa kaka yake, na hilo hakulificha, hata siku ya harusi hakulificha. Sasa mkwe aliyekuja kinyume na matakwa yake amelala juu ya mkeka wake, anaugua.

"Tangu jana alasiri," aliniambia mlangoni. "Jana alasiri, dada. Mimi huyu mume wake nilimzaa nikitwanga."

"Ulimzaa wa ngapi ukitwanga?" nikamwuliza.

"Wa tatu."

"Huyu ni wa kwanza."

Nikaingia. Binti alikuwa mzima, ana nguvu, uchungu unakuja na kuondoka kama unavyotakiwa. Nilimpaka mafuta, nikampa uji, nikamfanya azunguke mle chumbani akishika ukuta. Chupa ilipasuka jua likiwa limepanda, na maji yalikuwa safi. Nikasema moyoni, adhuhuri tutakuwa tumemaliza.

Adhuhuri ikafika. Akasema, "Mama, nataka kukojoa."

Nikamwambia, "Si mkojo huo. Ni kichwa kinakandamiza. Wote wanasema hivyo."

Na ni kweli wengi husema hivyo. Baada ya muda akasema tena. Nikawa karibu kumtoa, lakini mama mkwe akasimama mlangoni akatandaza mikono.

"Aende wapi? Atoke na tumbo lile, apite mbele ya mabaraza yote, choo chenyewe kinatazamana na watu wa mstari wa kwanza wanabangua korosho? Apigwe kijicho mtoto wa kwanza wa mwanangu? Hatoki."

Sikubishana naye. Hata mimi sikuona vema mwanamke mwenye uchungu kupita mbele ya watu. Nikamwambia binti akaze moyo. Alisema mara ya tatu, na mara hiyo sikumjibu.

Kuanzia hapo uchungu ukalegea. Unakuja mfupi, unakwenda. Tumbo la chini lilikuwa limevimba na gumu, nikaligusa, nikasema mtoto amekaa juu, hataki kushuka. Binti akawa anatoka jasho na kugeuza kichwa huku na huku. Mama mkwe alikuwa anaingia na kutoka.

"Unangoja nini?"

"Nangoja mtoto."

"Mtoto anangoja mama yake aseme. Wewe si mgeni wa mambo haya. Mwulize."

"Bado."

"Bado, bado! Huyu ana kitu kifuani, mimi tangu siku ya kwanza nimemwona. Anaatamia siri. Mwulize kabla hajaniulia mjukuu."

Kule uani mama yake mzazi alisikia. Alinyanyuka kwenye kigoda, akajifunga kanga vizuri, akaondoka bila kumuaga mtu. Mama mkwe akacheka. "Mwoneni, anakimbia kusikia mambo ya mwanawe."

Nilingoja tena. Nilingoja mpaka nikaona nguvu za binti zinapungua, na mimi nikaogopa. Mtu akiogopa anarudi kwenye kile alichofundishwa. Nikawaambia wanawake watoke.

Nikakaa karibu na kichwa chake. Nikamwambia, "Mwanangu, sema."

"Niseme nini, mama?"

"Mtu. Mtaje, mtoto atoke."

"Sina mtu."

"Hapa tuko wawili. Mtaje."

"Wallahi sina."

"Mtoto atakufa na wewe utakufa. Mtaje."

Akalia bila sauti. Wakati huo huo balozi alikuwa anapita nje na jembe lake bovu. Tulimsikia anaita, "Shambani! Shamba la ujamaa! Wazima na wagonjwa wa uvivu, wote tutoke!" Binti akageuza uso ukutani. Akataja jina la balozi.

Akasema, "Ni yeye. Sasa niacheni nikojoe."

Nikainuka na jina lile. Leo ukisikia maneno haya utaniuliza, wewe mwanamke, hukuona? Balozi angeweza kuwa babu yake, na jina lake limetajwa sauti yake ikiwa dirishani. Sikuona. Nilikuwa nimeuliza, nimejibiwa, na kazi yangu iliyobaki ilikuwa kupeleka jibu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni ananingoja.

"Amesema?"

"Amesema."

"Nani?"

Nyuma yake nikaona viatu vyeupe. Mama wa binti alikuwa amerudi na nesi, wote wawili wanahema. Nesi alipita katikati yetu.

"Shikamoo mama," akaniambia.

"Marahaba."

"Naweza kuingia?"

"Umekwisha ingia."

Mara nyingi nimejiuliza, kama nesi angechelewa kidogo, ningelitoa jina lile au nisingelitoa? Ningelitoa. Sina sababu ya kujidanganya.

Nesi aliomba maji na sabuni akanawa mpaka kwenye viwiko. Akapiga magoti. Aliniuliza mimi, si mwingine, uchungu ulianza lini, chupa ilipasuka lini, maji yalikuwa na rangi gani, amekula nini. Nilimjibu yote, na nilimjibu kwa kiburi kidogo kwa sababu yote niliyajua. Kisha akauliza, "Amekojoa saa ngapi?"

Nikawaangalia wenzangu. Nao wakaniangalia.

Nesi akaweka kiganja chini ya kitovu cha binti, pale palipovimba. Akanishika mkono akauweka hapo hapo. "Huyu si mtoto, mama. Bonyeza polepole. Hiki ni kibofu. Kimejaa mpaka kimefunga njia. Mtoto yuko nyuma yake, anasubiri apishwe."

Binti akasema kutoka pale mkekani, "Nimewaambia. Nimewaambia mara tatu."

"Zahanati ninao mpira wa kutolea mkojo," nesi akasema, "lakini ajaribu mwenyewe kwanza. Mwili wake hauna ugonjwa. Tumtoe nje."

"Hatoki!" akasema mama mkwe.

"Mama, wewe una kanga ngapi?"

Swali hilo lilimkuta hakujitayarisha. "Ninazo."

"Zilete zote."

Tulimtoa na kanga. Wanawake wanne walishika ncha, wakafanya kuta nne za kutembea, na binti katikati, na mimi na nesi tumemshika makwapa. Tulipita mbele ya wale wa korosho. Hawakuona kitu ila maua ya kanga na miguu mingi. Kule chooni akachutama, mkojo ukakataa. Amebanwa tangu adhuhuri na sasa hauji. Nesi akawafukuza wote, wakarudi nyuma na kanga zao, akachukua kopo la maji, akawa anayamimina chini polepole, uzi mwembamba, anamimina, ananyamaza. Mimi nilifikiri huyu binti wa watu kichwa chake si kizima. Kisha tukasikia.

Ilikuwa ndefu. Nje ya uzio mama mkwe akasema kwa sauti, "Yarabi! Ni mtu au ng'ombe?" Na wanawake wote wakacheka, hata mama yake binti, hata mimi. Binti mle ndani naye alikuwa anacheka na kulia.

Kabla hatujamaliza kurudi ndani uchungu ukamkamata, wa kweli, ule unaomfanya mwanamke anyamaze. Nikageuza kinu. Nilimtazama nesi, nikidhani atanisogeza, kwa kuwa kazi ilikuwa yake sasa. Alikaa ukutani, akafumbata mikono yake safi magotini.

"Pokea wewe, mama," akasema. "Mikono anayoijua ni yako."

Nilipokea mtoto wa kike kabla jua halijageuka rangi. Alilia mwenyewe. Hatukumpiga, hatukumning'iniza, hatukumvuta. Kondo likatoka zima. Nikakata kitovu kwa wembe mpya aliokuja nao nesi, na hicho ndicho kitu pekee cha zahanati kilichotumika siku ile.

Mama mkwe alikuja akamtazama mjukuu wake. Kisha akanivuta kando. "Umeona? Amesema, na mtoto ametoka. Sasa nipe jina."

"Mzazi anataka kupumzika," nikamwambia, nikaondoka.

Nilirudi kwangu. Nilikuwa nafikiri mkojo. Mtu mzima, mkunga, nafikiri mkojo. Bibi yangu hakuwahi kuniambia habari za mkojo hata neno moja, na nilianza kuona kwa nini. Kule kwenye mikorosho mwanamke mwenye uchungu alizunguka nje mchana kutwa. Akienda nyuma ya kichaka anafanya haja yake, anarudi, hakuna wa kumwona, hakuna wa kumkataza. Hatukujua kwamba kichaka nacho kilikuwa mkunga. Tulipohamia kwenye mistari tukabeba mafuta, kinu na wembe, kichaka tukakiacha, halafu mtoto alipokwama tukamtafuta mwanamume wa kumlaumu.

Kisha nikamkumbuka yule wa Kinjumbi. Alijifungua wakati wa masika, mvua ilinyesha siku mbili bila kukatika, na hakuna mtu aliyetoka ndani ya nyumba. Nilikaa kitandani. Sikupika siku ile.

Mama mkwe hakulala juu ya jambo lake. Siku ya pili alikuja, nikamwambia sina cha kumwambia. Siku ya tatu aliacha kumpikia mzazi uji, mama yake binti akawa anauleta umefunikwa kwa sahani, akipita kwenye mistari. Yule mume, kijana mpole asiyejua amsikilize nani, akahamia kulala kwa rafiki yake. Kijiji kizima kilijua kwamba kuna jina, na kwamba liko kwangu. Kisimani wanawake walinipisha, ili nianze kuchota, ili nikae nao, ili niseme. Ilikuwa wazi kwangu kwamba nikilitoa, binti atapewa talaka kabla ya arobaini, na nisipolitoa, nikakaa bila kusema chochote, talaka itakuja vilevile ila itachelewa.

Siku ya saba mtoto aliponyolewa nywele, mama mkwe alipeleka shauri kwa balozi. Kwa kawaida ndiye aliyesuluhisha magomvi ya nyumba zetu. Nikaitwa barazani kwake. Alikuwepo yeye, mama mkwe, yule mume, mama wa binti, na watu waliopita wakakuta wana nafasi. Mzazi mwenyewe alikuwa ndani na mtoto, kama ilivyo desturi.

Balozi alianza kwa ukali. "Bibi mkunga, huyu mama anasema mkwewe alitaja mtu siku ya uchungu. Anasema umemficha. Sisi hapa tunajenga kijiji. Hatuwezi kujenga kijiji na mtu anaingia nyumba za wenzake. Mtaje huyo mtu, nitamshughulikia mimi mwenyewe."

Nilimwangalia. Jino lake lilikuwa limekaa sawa, uso wake hauna wasiwasi wowote. Nikamwangalia yule mume, ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kijiti.

Nikasema, "Yule binti alisema maneno. Nitawaambia alichosema."

Wakasogea.

"Alisema, nataka kukojoa. Alisema mara tatu. Mara ya kwanza mimi nikamwambia si mkojo. Mara ya pili huyu mama akasimama mlangoni akasema hatoki, atapigwa kijicho. Mara ya tatu sikumjibu. Tulimnyima tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mkojo ndio ulioziba njia. Alipokojoa, mtoto akatoka. Nesi yupo, kamwulizeni. Kosa la kuchelewa kwa mtoto ni langu, mimi mkunga. Mlinidhani najua, na nilikuwa sijui."

Nilikuwa sijapata kusema maneno hayo mbele ya watu, na yalitoka kwa shida.

"Nimeuliza jina!" mama mkwe akapiga kelele. "Nani kauliza mkojo?"

Watu wakaanza kucheka chini chini.

"Sikio lako lilikuwa mdomoni mwake! Na mlangoni uliniambia amesema. Alitaja, hakutaja? Apa!"

"Siapi."

"Kwa hiyo alitaja!"

"Dada, wewe nikikubana hivyo tangu adhuhuri, nikakuambia utakojoa ukinitajia mtu, utanitajia marehemu mume wako. Utanitajia hata balozi huyu hapa."

Hapo walicheka wote. Mimi niliogopa, lakini uso wangu ni mkavu, Mungu alinipa uso mkavu. Balozi alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta macho.

"Mama, maneno haya ni ya kweli," akamwambia mama mkwe. "Mimi nilikwenda mkutano mjini Lindi, tukakaa tangu asubuhi. Nikabanwa. Mwenyekiti anasema hakuna kutoka mpaka tupige kura. Basi nikanyoosha mkono. Mpaka leo sijui nilikubali nini."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Labda ndio ulikubali tuhamishwe!" Vicheko vikazidi, na balozi akalazimika kugonga jembe lake watu wanyamaze.

Yule mume akatupa kijiti chake. Alisimama. "Mama," akasema, "yamekwisha. Leo nalala kwangu." Akaondoka bila kungoja balozi afunge kikao. Mama wa binti akajifunika uso kwa upande wa kanga.

Mimi sikucheka na sikulia. Nilimwambia balozi mambo mawili kabla sijaondoka. La kwanza, kwamba tangu siku ile sitamwuliza mwanamke jina, na anayetaka mkwewe aulizwe amtafute mkunga mwingine. La pili, kwamba nyuma ya kila nyumba yenye mja mzito usimamishwe uzio wa makuti, mrefu kupita kichwa, wenye nafasi ya kutembea na ya kuchutama. La pili alilitangaza kesho yake kwenye mistari kwa sauti yake yote, kama amri kutoka wilayani, na watu wakajenga.

Hata hivyo nililipa. Mama mkwe yule alinipa jina la mkunga wa mkojo, likashika. Niliitwa hivyo kisimani, shambani, hata na watoto wasiojua maana yake. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyenipigia hodi. Walioitwa ni wengine, na wawili watatu walikwenda zahanati, jambo ambalo tangazo la balozi lilikuwa halijaweza kulifanya. Nilikaa nikafuma mikeka. Nesi ndiye aliyenifuata. Alikuja na baiskeli, akasema, "Mama, njoo tukae wote. Wanawake wakija kwangu wananiogopa, mwili unafunga." Nikaenda. Alikuwa ananifundisha yeye, na mimi namfundisha kukaa, kwa maana kitu kile shuleni kwao hawakumpa cha kutosha. Baada ya muda walianza tena kuniita majumbani. Wa kwanza kuniita alikuwa mama wa mstari wa kwanza, mmoja wa wale waliobangua korosho siku ile.

Yule mzazi alitoka arobaini yake, na siku chache baadaye alikuja kwangu peke yake, mtoto mgongoni. Nilikuwa nafuma. Alinisalimu, nikamwitikia, nikamsogezea mkeka. Alikaa. Kisha akaangalia mlangoni kama hakuna mtu.

"Mama, lile jina nililolitaja."

"Jina gani?"

"Unalijua, mama. Nataka nikuambie, yule mtu, mimi na yeye..."

"Mgeuze mtoto nimwone," nikamwambia.

Akasita. Mkono ulikuwa kwenye fundo la kanga. Nikamwambia tena, amgeuze. Akafungua, akaniwekea mtoto mapajani. Nikamwangalia macho, nikamwangalia mdomo, nikamfunua kitovu. Kilikuwa kimekauka vizuri, hakina unyevu. Shingo ilikuwa inaanza kukaza.

"Ananyonya?"

"Ananyonya sana."

"Pande zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na mumeo?"

"Yupo," akasema. "Ameanza kukandika ukuta wa kibanda cha mama."

Nikamfunga mtoto, nikampandisha mgongoni mwake. Nikamwambia jua linakuwa kali, awahi kurudi. Alisimama kidogo pale mlangoni, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda zake.